Filamu kwa Njia ya Posta

Ndugu msikilizaji, aliyewahi kukodi mkanda wa video mtaani anaijua faini. Unachukua mkanda Jumamosi, unaurudisha Jumanne, na mwenye kibanda anakudai siku zilizozidi. Wiki hii tuiangalie biashara iliyoifuta faini hiyo, na kilichochukua nafasi yake.

Kampuni ya Netflix ilianzishwa California, Marekani, mwaka 1997 na Reed Hastings pamoja na Marc Randolph. Mwaka 1998 ilianza kukodisha DVD kwa njia ya posta, na mwaka 1999 ikaleta malipo ya mwezi. Mkanda wa video ni mzito na ghali kuusafirisha. DVD ni nyepesi, huingia katika bahasha kama barua.

Mwaka 2009 nilikuwa Minneapolis kwa miezi michache, nikaijaribu huduma hiyo kwa karibu dola 17 kwa mwezi. Niliandika orodha ya filamu nizitakazo, na tatu za kwanza zikaja mlangoni katika bahasha nyekundu. Nikimaliza moja, naitia katika bahasha iliyokwisha kulipiwa na kuitumbukiza katika sanduku la barua. Ikipokelewa, inayofuata katika orodha inatumwa. Hakuna tarehe ya mwisho, wala faini.

Lakini hebu tupige hesabu. Mwezi wa kwanza niliona filamu 12, yaani kila moja chini ya dola moja na nusu. Anayeziacha tatu zile mezani mwezi mzima analipa karibu dola 6 kwa kila moja. Faini haikufa, ilibadili jina tu, ikawa malipo ya mwezi.

Biashara hiyo ilisimama juu ya nguzo mbili. Kwanza ni posta inayofika kila mlango. Kwetu barua nyingi huishia katika sanduku la posta, mwenye ufunguo akaifuate mwenyewe. Pili ni sheria. Kule Marekani, aliyenunua DVD halali aweza kuikodisha bila kumwomba ruhusa mwenye filamu. Ndiyo maana orodha ile ilikuwa na filamu za kila namna, hata za zamani na za nchi za mbali.

Filamu za kwenye intaneti, ambazo kampuni hiyo ilianza kuzionyesha mwaka 2007, hazina uhuru huo. Kila moja yahitaji makubaliano na mwenye haki. Muda wake ukiisha, filamu huondolewa, uwe umeimaliza au hujaimaliza. Huduma ya posta nayo ilifungwa Septemba 29, 2023, baada ya kutuma DVD zaidi ya bilioni 5.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukiwa na DVD ya filamu uipendayo, usiharakishe kuitupa. Iliyomo kabatini mwako hakuna wa kuja kuiondoa.

Hadi wiki ijayo, kwaheri.