Video ya muuza mchele wa Kasongo ipitie wapi?

Anayeuza mchele Kasongo, katika jimbo la Maniema, akitaka kujitangaza kwa video, ushauri wa kwanza anaopewa ni kufungua chaneli ya YouTube. Ushauri huo umetoka kwenye miji ambako mtu hahesabu mega zake. Mnunuzi wa mchele huu yuko Kindu, au Salamabila huko Kabambare, karibu na machimbo ya dhahabu ya Namoya. Hatamaliza mega za siku nzima akitazama mchele ukipepetwa kwa dakika kumi.

Majukwaa mengine yapo. Dailymotion ilianzishwa Paris mwaka 2005, mwaka uleule wa YouTube, na Vimeo ilizitangulia zote mbili. Video ndefu inaweza kukaa huko ikimsubiri mteja wa Bukavu atakayetumiwa kiungo. Lakini wanunuzi wa Maniema hawashindi huko.

WhatsApp inafaa zaidi. Status, iliyoanza kubeba picha na video mwaka 2017, hukaa saa 24, na anayeiona tayari ana namba yako. Akitaka gunia, anakujibu palepale.

Ipo njia nyingine ambayo naithamini kuliko zote, ingawa wakufunzi wa masoko hawaitaji: video kuhama simu hadi simu bila kula mega, kwa Bluetooth au programu ya Xender. Kijana wa kibanda cha kuchajia simu, yule anayejaza nyimbo na filamu kwenye memori kadi, mlipe kidogo aliweke tangazo lako katikati ya nyimbo. Litapanda pikipiki na mwenye simu mpaka vijiji vya Kabambare visivyoshika mtandao.

Ila video inayosafiri hivyo huyaacha nyuma maelezo yote uliyoandika chini yake. Kwa hiyo namba ya simu iandikwe ndani ya picha yenyewe, ionekane mwanzo hadi mwisho. Bei, kipimo na mahali unapouzia vitaje kwa mdomo, tena kwa Kiswahili. Cha Kasongo kinaeleweka Kindu, Bukavu na Kalemie bila mkalimani. Mwezi na mwaka pia vitaje. Bei ya wakati wa mavuno haidumu, na video ya zamani itaendelea kuzunguka kwenye simu za watu hata baada ya wewe kuifuta yako, mpaka siku moja imlete mteja wa Salamabila na pesa za bei ya mwaka jana.