Mbeya City na Hesabu ya Lala Salama

Muulize shabiki wa Mbeya City kuhusu msimu wa 2013/14, awe wa Uyole, Mwanjelwa au Mbalizi. Hatachelewa kukukumbusha kwamba timu yake, ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja, ilimaliza Ligi Kuu katika nafasi ya tatu na ilifungwa mechi tatu tu kati ya 26. Ni kweli tupu. Lakini kujivunia kutofungwa ndiko kunakotuzuia tusione kombe lilipotea wapi.

Tuanze na kanuni. Msimu ule ligi ilikuwa na timu 14, na kila timu ilikutana na nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini. Mechi 13 za kwanza ni mzunguko wa kwanza. 13 zilizobaki ndizo tunazoziita lala salama. Ushindi una pointi tatu, sare moja, kufungwa sifuri. Hakuna fainali, na hakuna siku moja ya kufa na kupona. Ndiyo maana msimu wa ligi husomwa kwa nusu zake, si kwa mechi moja ambayo watu wanaisimulia hadi leo.

Mbeya City ni timu ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya, iliyoanzishwa mwaka 2011. Kocha wake wa wakati huo, Juma Mwambusi, aliingia Ligi Kuu na wachezaji ambao wengi wao hawakuwa wakijulikana nje ya mkoa. Yanga walikwenda Mbeya, Uwanja wa Sokoine, wakaambulia sare ya 1-1. Wiki moja baadaye City ikaifuata Simba Dar es Salaam, zikatoka 2-2. Novemba 2013, mechi ya mwisho ya mzunguko, ilikwenda Chamazi kwa Azam na kutoka 3-3, mabao yote matatu ya wageni yakifungwa na Mwagane Yeya. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo mechi bora ya msimu mzima.

Sasa tazama msimamo wa siku hiyo. Yanga pointi 28, Azam 27, Mbeya City 27. Azam ilikuwa imeshinda saba, imetoka sare sita, haijafungwa. Mbeya City nayo ilishinda saba, sare sita, haijafungwa. Timu ya tajiri mwenye viwanda na timu ya halmashauri zilikuwa sawa kwa kila kitu isipokuwa mabao.

Kisha ikaja lala salama. Azam ilishinda mechi 11 na kutoka sare mbili: pointi 35. Mbeya City ilishinda sita, sare nne, ikafungwa tatu: pointi 22. Tofauti yote ya pointi 13 iliyoonekana mwisho wa msimu, 62 kwa 49, ilizaliwa kati ya Januari na Aprili. Na angalia vizuri: hata kama zile mechi tatu zote City ingezigeuza kuwa sare, ingefika 52 tu. Azam ingebaki bingwa, na Yanga yenye 56 ingebaki ya pili. Kilichokosekana ni ushindi. Azam yenyewe ilimaliza bila kufungwa, watu wakalipenda hilo kuliko yote, ilhali kombe lilitokana na kugeuza sare sita za mwanzo kuwa mbili.

Kwa nini Azam iliweza na City haikuweza? Baadhi ya sababu ni za wazi. Baada ya mzunguko wa kwanza Azam ilibadili kocha, akaondoka Stewart Hall na kuja Joseph Omog wa Cameroon, na ilikuwa na kikosi kipana: Kipre Tchetche, John Bocco, Gaudence Mwaikimba, wote washambuliaji ambao timu nyingine ingemtegemea mmoja tu. Mshambuliaji akichoka, yuko wa kuingia. Timu yenye kikosi chembamba hucheza na miguu ileile kuanzia Agosti, na ikifika Machi wapinzani wameshaisoma.

Watu wa Mbeya hupenda kuitaja hali ya hewa, na wana hoja. Mji uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako kila pumzi hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Anayepanda leo na kucheza kesho huhema mapema. Faida hiyo, hata hivyo, ni ya nusu ya mechi za msimu, zile za nyumbani. Nusu nyingine unazifuata wewe, na Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 800. Tena lala salama huangukia masika yetu, Sokoine inapoloa na mpira kuwa mzito, jambo ambalo nadhani humpunguzia mwenyeji ile kasi iliyomchosha mgeni.

Mwinuko haukuizuia Azam. Tarehe 13 Aprili 2014 ilishinda 2-1 hapohapo Sokoine, Mwaikimba na Bocco wakifunga, ikatwaa ubingwa wake wa kwanza mbele ya mashabiki wa City.

Nafasi ya tatu haikuwa na tiketi ya mashindano ya Afrika. Azam na Yanga ndizo zilizokwenda. Simba ilikuwa ya nne kwa pointi 38, kumi na moja nyuma ya timu iliyopanda daraja juzi, ingawa mfungaji bora wa ligi, Amissi Tambwe, alikuwa wake.

Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba timu mpya haiwezi. Ukikata kona Uyole kuelekea Kyela utapita Tukuyu, mji ambao timu yake, Tukuyu Stars, ilipanda daraja na kuwa bingwa wa Bara msimu uleule, mwaka 1986. Hadi leo hakuna timu nyingine ya Mbeya iliyotwaa ubingwa huo.