Barua Mbili za Chuo: Achague Ipi?



Matokeo ya KCSE yakishatoka na barua za kuitwa chuoni zikianza kufika, vikundi vingi huombwa kuchangia karo. Na kuna neno ambalo vijana wetu hulisema sana: "Niende hapa kwanza, halafu nitahama." Kabla mweka hazina hajafungua sanduku, ni vizuri sote tuelewe kuhama kunafanyika namna gani.

Tuchukue mfano. Msichana amepata C+ na anataka uuguzi. KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo, limempa digrii ya maendeleo ya jamii katika chuo kikuu cha mbali. Pia ana barua ya diploma ya uuguzi kutoka chuo cha hospitali ya misheni. Yeye anavutwa na neno digrii. Anasema ataripoti chuo kikuu, kisha ahamie uuguzi. Je, itawezekana?

Njia za kuhama ni tatu:

1. Kupitia KUCCPS. Baada ya kugawa nafasi, shirika hili hufungua muda mfupi wa kuomba kuhama kwa mtandao. Lakini lazima mwanafunzi awe alifikisha pointi za kozi ile kwa mwaka wake, na nafasi iwepo. Pointi hizo hupimwa kwa masomo manne yanayohusu kozi, si kwa ile C+ peke yake. Hapa ndipo wengi hukwama. Kama pointi hazikutosha mara ya kwanza, hazitaongezeka eti kwa sababu amesharipoti. Mlango ni ule ule na kufuli ni ile ile.

2. Kubadilisha kozi ndani ya chuo hicho hicho. Hii huombwa mapema, mara tu baada ya kuripoti, na masharti ya pointi yanabaki.

3. Kuhama baadaye kwa kujilipia. Chuo kipya hukagua masomo aliyofanya na kukubali yale tu yanayolingana na ya kwao. Maendeleo ya jamii na uuguzi havifanani, kwa hivyo huenda akaanza upya. Akihama baada ya mwaka mmoja, kozi ya miaka 4 inakuwa miaka 5 ya karo, nauli na kodi ya chumba.

Na ile diploma? Akimaliza na kufaulu mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya, anaweza kuandikishwa na kutafuta kazi. Baadaye anaweza kuendelea na digrii, kwani vipo vyuo vikuu vinavyopokea wauguzi wenye diploma. Njia ni ndefu, lakini kila hatua ina faida yake.

Hatusemi diploma ni bora kwa kila mtoto. Mwingine pointi zake zinatosha kuhama, na mwingine ataipenda kozi aliyopewa. Basi kikundi kimuulize haya:

- Pointi zako za masomo manne ni ngapi, na kozi unayoitaka ilidai ngapi mwaka wako?
- Chuo unachotaka kuhamia kimekujibu kwa maandishi, au umeambiwa tu na rafiki?
- Karo yote ni ngapi mpaka mwisho, si ya muhula wa kwanza tu?
- Umeomba mkopo wa HELB? Pesa za karo hutumwa moja kwa moja kwa chuo, kwa hivyo ukihama lazima uwajulishe.
- Kozi hiyo inatambuliwa na baraza linalohusika?

Halafu swali kubwa kuliko yote: kama kuhama kutashindikana, utakubali kumalizia hapo? Akisema ndiyo, aende na tumchangie. Akisema hapana, aangalie tena ile barua nyingine. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Mzazi aje mkutanoni na mtoto mwenyewe na barua zote mbili. Zisomwe mbele ya wote kabla ya shilingi kutoka.