Chama, Baraza na Mgongo wa Mgonjwa

Kairopraktiki ni tiba ya viungo kwa njia ya mikono, hasa pingili za uti wa mgongo, iliyoasisiwa na D. D. Palmer mwaka 1895 huko Davenport, Marekani. Mgonjwa hulazwa kitandani, mtaalamu akaweka kiganja juu ya kiungo kilichokakamaa, kisha akakisukuma kwa kasi na kwa umbali mfupi sana. Mlio unaosikika, ambao wengi hudhani ni mfupa unaorudi mahali pake, hutokana na gesi iliyomo katika ute wa kiungo. Palmer alidai kwamba karibu kila ugonjwa hutokana na pingili zilizoteguka, dai ambalo sayansi haikulithibitisha, ingawa tiba yenyewe imeonekana kuwafaa kwa kiasi baadhi ya wenye maumivu ya kiuno.

Mjini Eldoret maumivu hayo huwapata watu wa kila namna, kuanzia mkulima anayebeba magunia ya mahindi, dereva wa lori la kwenda Uganda, hadi mwanariadha anayefanya mazoezi Iten, na kila mmoja wao anastahili kujua ni nani anayemwajibisha mtu anayemshika mgongo. Chama cha kitaifa cha wanataaluma ni umoja wa hiari unaotetea maslahi ya wanachama na kuwaendeleza kielimu, lakini hakiwezi kumzuia asiye mwanachama kufungua kliniki. Uwezo huo ni wa baraza, yaani chombo kilichoundwa kwa sheria ili kusajili, kutoa leseni na kuadhibu. Nchini Uingereza chama cha wanakairopraktiki kilianzishwa mwaka 1925, ilhali sheria iliyounda baraza lao ilipitishwa mwaka 1994, takriban miaka 70 baadaye. Kenya ilichukua hatua kama hiyo kwa wataalamu wa fiziotherapia, ambao Sheria ya mwaka 2014 iliwapa baraza lililo tofauti na chama chao. Wanakairopraktiki hawana sheria mahsusi ya aina hiyo.

Pengo hili si dogo. Kifua kikuu kinaweza kushambulia uti wa mgongo, na mgonjwa akaja akilalamikia mgongo tu, huku akitokwa na jasho usiku na kupungua uzito. Pingili zilizoliwa na ugonjwa huo zikisukumwa kwa nguvu, zinaweza kuvunjika na kumpoozesha. Kwa sababu za namna hii Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2005, lilipendekeza mafunzo ya saa zisizopungua 4,200, zikiwemo 1,000 za kuhudumia wagonjwa chini ya usimamizi.

Bunge lina wajibu wa kuwapa wanakairopraktiki sheria yao. Hadi hapo, mgonjwa na aombe kuonyeshwa cheti cha mafunzo kabla ya kulala kitandani, na mwenye homa, ganzi ya miguu au mkojo usiozuilika aende kwanza hospitalini akapimwe.