Mwalimu wa Unasihi: Sikio la Mtoto Shuleni

Yuko mtoto wa darasa la 3 ambaye tumbo humuuma kila Jumatatu asubuhi. Jumamosi haliumi, wala siku za likizo. Mama yake amempeleka zahanati, amepimwa malaria, amepimwa choo, haikuonekana minyoo wala kitu kingine. Basi nyumbani wanasema anadeka, na siku nyingine anasindikizwa shuleni kwa fimbo. Watoto wa namna hii wamo katika kila parokia.

Tunapenda kuwaeleza wazazi kwamba tumbo hilo huuma kweli. Mtu akiwa na hofu, mwili hutoa homoni zinazofanya moyo uende mbio, misuli ikaze na usagaji wa chakula uvurugike. Mtu mzima atasema, "Nina wasiwasi." Mtoto wa miaka 8 hana maneno hayo; anachojua ni kwamba tumbo linamsokota. Wengine huumwa kichwa, wengine huanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha kwa miaka kadhaa, wengine husinzia darasani kwa kuwa usiku hawalali. Ni kweli, kwanza yafaa mganga ahakikishe kwamba hakuna ugonjwa. Lakini vipimo vikiwa safi, dawa ya mtoto huyo haimo katika chupa. Anahitaji mtu wa kumsikiliza, na shuleni mtu huyo ni mwalimu wa unasihi.

Zamani kazi hii ilikuwa ya bibi, shangazi au mjomba. Jambo ambalo mtoto hakuweza kumwambia baba yake, alimwambia bibi wakati wa kupepeta mchele. Siku hizi bibi yuko kijijini, mjukuu yuko mjini, na mchana kutwa mtoto yuko shuleni. Katika shule zetu nyingi za msingi mnasihi si mtaalamu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo peke yake. Ni mwalimu mwenye vipindi vyake vya Hisabati au Kiswahili, aliyeongezewa jukumu hili juu ya mengine. Tusimlaumu upesi.

Ila kuna jambo moja ambalo shule yaweza kulirekebisha hata bila fedha. Mara nyingi mwalimu wa unasihi ndiye huyohuyo mwalimu wa nidhamu. Asubuhi anachapa waliochelewa, mchana anawangoja waje kumfungulia moyo. Nani atakwenda? Mtoto aliyechelewa kwa sababu alikuwa akimuuguza mama yake atachapwa, atanyamaza, na kesho atachelewa tena. Kanuni za Tanzania Bara zinataka viboko visizidi 4, na vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Jirani zetu wa Kenya walipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Wasomaji wetu hawana kauli moja juu ya fimbo, nasi hatutaumaliza ubishi huo katika ukurasa huu. Lakini anayeishika fimbo asiwe ndiye anayesikiliza.

Mnasihi anayeijua kazi yake huanza kwa kuchagua mahali. Hamwiti mtoto ofisini mbele ya walimu wengine, wala hajifungii naye chumbani. Atakaa naye chini ya mwembe, mahali ambapo watu wanawaona lakini hawawasikii. Hilo humlinda mtoto, na humlinda mwalimu pia. Haulizi, "Nani amekupiga, ni baba wa kambo?" kwani mtoto hupenda kumridhisha mkubwa na ataitikia hata lisilokuwako. Huuliza, "Hebu nieleze, nyumbani jioni huwa mnafanya nini?" Kisha hunyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, hasa kwa sisi tuliozoea kufundisha. Mtoto asiyeweza kusema hupewa karatasi achore nyumba yao na watu waliomo. Mchoro huo si ushahidi wa lolote, ila huanzisha mazungumzo.

Mara nyingi kinachogunduliwa ni kitu cha kawaida kabisa. Mtoto haoni vizuri ubaoni, kwa hiyo anaitwa mjinga. Mwingine hajala tangu jana mchana. Msichana wa darasa la 6 amevunja ungo, hana pedi wala hana aliyemweleza, hivyo kila mwezi anapotea shuleni siku kadhaa. Mwingine amefiwa na baba. Watu wazima walipewa pole, yeye akaambiwa akacheze nje. Mambo haya mnasihi huyafikisha panapohusika, iwe kwa mwalimu wa darasa, kwa mzazi au kituo cha afya.

Yako na mazito. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kati yao, karibu nusu tu ya wasichana na theluthi moja tu ya wavulana ndio waliomwambia mtu yeyote. Hapo siri ya mnasihi ina mpaka. Waumini tumezoea siri ya kitubio, ambayo padre haivunji kwa sababu yoyote ile. Siri ya unasihi si ya namna hiyo. Mnasihi hatangazi habari za mtoto kwa walimu wenzake, lakini mtoto akiwa hatarini hana budi kusema, kwani Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mahali pale. Hivyo mnasihi mwaminifu hamwahidi mtoto, "Sitamwambia mtu." Humwambia, "Likiwa ni jambo la kukudhuru, nitatafuta watu wa kutusaidia, nami nitakueleza ni nani."

Mtoto aliyenajisiwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI sharti zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri zinavyochelewa ndivyo kinga inavyopungua. Asiogeshwe kwanza, wala nguo zake zisifuliwe. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na simu namba 116 hupigwa bure. Kikao cha ukoo cha kuyamaliza kwa mbuzi na fedha humwacha mtoto na mtu yuleyule chini ya paa lilelile.

Wazazi wengine wakisikia mtoto amesema shuleni yaliyo nyumbani, humpiga kwa kutoa siri za nyumba. Akipigwa kwa hilo hatasema tena, hata siku atakapofuatwa na mtu njiani. Mnasihi akikuita, nenda mwenyewe, usitume jirani. Usipoitwa, uliza katika kikao cha wazazi: mnasihi wetu ni nani? Yupo wa kike na wa kiume? Ndiye anayechapa? Kamati ya shule yaweza kuomba apunguziwe vipindi. Na jioni, mtoto akiwa ametulia, mwulize swali moja: "Ukipata shida shuleni, utamwambia nani?" Akikosa jina la kukutajia, mwone mwalimu mkuu wiki hiyohiyo.