Papa Aliyenguruma na Filamu Nyingine za Barazani

Msomaji aliyepata kupita Mji Mkongwe jioni, baada ya sala ya alasiri, hana haja ya kuelezwa Jaws Corner ni mahali gani. Ni makutano ya vichochoro yenye mabaraza, dele la kahawa juu ya makaa, na papa aliyechorwa ukutani. Jina lake limetokana na filamu ya Jaws iliyotoka Marekani mwaka 1975. Wako watu wanaoketi hapo kila siku na hawajapata kuiona filamu hiyo, lakini jina wamelirithi kama mtu arithivyo jina la babu.

Juma lililopita nasi tuliketi hapo, tukakuta mazungumzo ya mpira yamekwisha na mazungumzo ya sinema yameanza. Kijana mmoja alikuwa ametazama katika simu yake filamu ya nne ya mfululizo ule ule, Jaws: The Revenge ya mwaka 1987. Alieleza kisa chake kwa bidii kubwa. Papa amewekea kinyongo familia moja. Familia inahama kutoka pwani ya Marekani kwenda visiwa vya Bahamas, na papa naye anahama, anaifuata huko huko. Mwishoni anatoa kichwa nje ya maji na kunguruma mithili ya simba.

"Ananguruma?" aliuliza mvuvi mmoja mzee, akiweka kikombe chini.

"Ananguruma, mzee wangu."

"Mimi nimevua papa miaka arobaini. Papa hana sauti, mwanangu. Angekuwa nayo sisi tungelala usingizi mzuri zaidi."

Baraza zima liliangua kicheko. Mtu mwingine akaongeza kwamba Michael Caine, mmoja wa waigizaji wa filamu hiyo, hakuweza kwenda kupokea tuzo yake ya Oscar mwezi Machi 1987 kwa sababu alikuwa kazini na papa huyo. Hilo ni kweli. Na ni kweli pia, tukaona tuseme, kwamba filamu ya kwanza, ile iliyosifiwa dunia nzima, nayo ilikuwa na kasoro kubwa. Papa wake wa mitambo aliharibika mara kwa mara ndani ya maji ya chumvi, hata mwongozaji Steven Spielberg akalazimika kumficha kwa sehemu kubwa ya filamu. Watazamaji wakaogopa zaidi kile wasichokiona. Mvuvi alilipokea jambo hilo kwa kuridhika. Bahari, alisema, ndiyo iliyoitengeneza filamu ile.

Kutoka hapo ikawa zamu ya Bruce Lee. Hapa hatuna budi kueleza kidogo, kwa faida ya wasomaji waliozaliwa baadaye. Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, akiwa na umri wa miaka 32, na kuacha filamu aliyokuwa hajaimaliza. Watengenezaji waliikamilisha bila yeye na kuitoa mwaka 1978 kwa jina la Game of Death. Waliweka watu wa kufanana naye, wakawavika miwani myeusi, wakawapiga picha kutoka mgongoni na gizani. Mahali pamoja waliikata sura ya marehemu kutoka katika picha, wakaibandika juu ya kioo, ili mtu wa bandia aliyekaa mbele ya kioo hicho aonekane ana uso wa Bruce Lee. Kijana alipotuonyesha kipande hicho alicheka hata kahawa ikamwagika.

Fundi seremala mmoja hakucheka. Alisema yeye aliiona filamu hiyo ujanani, akiwa amebanana na wenzake katika viti vya mbele. "Mnadhani hatukukiona hicho kikaratasi? Tulikiona. Lakini katika filamu ile ile wametia mazishi yake, mazishi yenyewe ya kweli, mwenyewe amelala ndani ya jeneza. Sisi hatukwenda kutazama ngumi siku ile. Tulikwenda kumzika." Ukafuata ukimya kidogo. Kijana akaizima simu yake bila ya kuambiwa.

Twakiri kwamba hadi jioni ile sisi wenyewe tulikuwa tukizihesabu filamu za namna hiyo kuwa ni takataka.

Tabibu mstaafu ndiye aliyelirudisha baraza katika furaha. Yeye ugomvi wake ni na Amar Akbar Anthony ya mwaka 1977, ambamo ndugu watatu waliopoteana utotoni, mmoja akalelewa Kihindu, mmoja Kiislamu na mmoja Kikristo, wanatoa damu kwa pamoja kumwokoa mwanamke wasiyejua kuwa ni mama yao. Damu inatoka katika mikono mitatu, inapanda juu, inachanganyika katika chupa moja, kisha inamteremkia mgonjwa. Tabibu alieleza kwa dakika kumi kwa nini damu haipandi hivyo, na kwa nini mgonjwa yule angekufa. Tulipomwuliza ameiona mara ngapi, alijibu, "Mara nne. Na mara zote nne nimelia."

Visiwa hivi ni wanafunzi wa siku nyingi wa sinema. Royal ilifungua milango yake hapa Unguja mwaka 1921. Ilipokwisha kuteketea kwa moto, mahali pake ikasimama Majestic, mwaka 1955. Zilikuwapo pia Empire na Cine Afrique, na filamu za Kihindi zilionyeshwa bila tafsiri ya Kiswahili, hata hivyo watu wakatoka wakisimuliana kisa chote, na kurudi nyumbani wakiimba. Baadaye zikaja kanda za video, na wasimulizi kama Lufufu waliotia maneno ya Kiswahili juu ya midomo ya wageni. Leo kila mtu ana sinema mfukoni, na tangu mwaka 1998 tunalo Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar.

Lakini tamasha hutazama filamu mpya na filamu njema. Nani anazitazama zile mbovu? Twaweza kumsikia ofisa mmoja akituuliza, naye ana haki ya kuuliza, kwa nini mali ya umma ihangaikie papa anayenguruma. Jibu letu ni kwamba hatuombi filamu. Filamu zina wenyewe ng'ambo, na hata wao hupoteza: Alam Ara ya mwaka 1931, filamu ya kwanza ya India yenye sauti, haina nakala inayojulikana popote. Tunachokiomba ni chetu sisi. Ni vipande vya tiketi vilivyosahauliwa ndani ya misahafu na madaftari, karatasi za matangazo, na zaidi ya yote maneno ya watu waliokata tiketi hizo, wakazirarua, wakaendesha mitambo na kuzoa maganda ya njugu baada ya onyesho. Nyaraka za Taifa pale Kilimani ndipo mahali pake. Kazi yenyewe haihitaji fungu kubwa: kinasa sauti, daftari, na kijana mwenye subira ya kuketi barazani. Kijana tuliyekutana naye, kwa mfano, tunadhani angeifanya vizuri.

Tunaihimiza kazi hiyo kwa sababu ya mzee mmoja aliyekaa pembeni jioni ile, karibu na dele. Alingoja mpaka wote walipokwisha, ndipo akauliza kama kuna anayeijua filamu moja aliyoiona alipokuwa mtoto, na marehemu mama yake. Anakumbuka stesheni ya gari-moshi usiku, na mwanamke amesimama ameshika kiatu kimoja cha mtoto. Basi. Jina hana, waigizaji hawajui, wimbo umempotea. Ilikuwa filamu mbaya, alisema, kwa kuwa watu walizomea. Lakini mama yake hakuzomea.

Tabibu alitaja majina matatu, fundi seremala mawili, kijana akatafuta katika simu. Kila jina mzee alitikisa kichwa. Mwenye kahawa alitwambia kwamba huuliza hivyo hivyo karibu kila juma, na kwamba zamani walikuwako wawili watatu waliodai kuijua.