Majitaka, Karo na Chemba: Istilahi za Kuunganisha Nyumba na Bomba Kuu

Miongoni mwa maandiko ambayo watafsiri na watumishi wa serikali hutakiwa kuyaandika kwa Kiswahili ni yale yahusuyo uondoaji wa majitaka: fomu za maombi, masharti ya ujenzi, mikataba ya huduma na matangazo ya afya. Mwenye nyumba huyasoma maandiko hayo ili ajue achimbe wapi, alipe nini na awajibike kwa lipi. Neno likikosewa, kosa halibaki katika karatasi, bali hufukiwa ardhini pamoja na bomba. Makala haya yanakusudia kuchambua baadhi ya maneno hayo na kuonyesha mahali ambapo mwandishi hana budi kuwa mwangalifu.

1. Maji yenyewe

Neno majitaka limekwisha kuenea, likiwa mwenza wa majisafi. Yafaa liandikwe kama neno moja, kwa kuwa lataja kitu kimoja chenye kanuni zake. Maji ya mvua si majitaka, hata yakiwa na tope. Tofauti hii si ya kamusi tu. Mahali ambapo mabomba yamejengwa kwa ajili ya majitaka peke yake, mwenye nyumba akielekeza humo maji ya paa na ya uani, bomba hushindwa kuyabeba wakati wa masika, na uchafu wa mtaa mzima hufurika mlangoni kwa jirani aliye bondeni. Basi tangazo lisemalo “maji yote machafu yaelekezwe katika bomba” limekwisha kutoa ruhusa ambayo mtungaji wake hakuikusudia.

2. Mfereji, mtaro na bomba

Neno mfereji lina hatari ya pekee. Kwa mkulima wa bara, mfereji ni njia ya maji iliyochimbwa ardhini, mathalani ya kumwagilia shamba. Unguja, maji ya mfereji ni yale ambayo bara huitwa maji ya bomba, yaani maji ya kunywa. Mwandishi akiandika “peleka majitaka kwenye mfereji”, msomaji wa Unguja atashangaa, na yule wa Mbeya ataona ameruhusiwa kumwaga uchafu wazi. Tunapendekeza mfereji usitumike kabisa katika maandiko haya. Njia iliyofunikwa ya majitaka iitwe bomba la majitaka, na njia ya maji ya mvua iitwe mtaro.

3. Shimo, karo na chemba

Maneno haya matatu huchanganywa hata na watu wazoefu. Chemba limetokana na Kiingereza, na mafundi wamelizoea. Wako watakaopendelea shimo la ukaguzi, lakini neno shimo tayari lina kazi kubwa katika habari za vyoo, na kuliongezea nyingine ni kuzidisha utata. Chemba libaki, ila maana yake ilindwe: chemba haihifadhi kitu, bali hupitisha.

Karo nalo lina pacha wake, yaani ada ya shule. Upatanisho wa sarufi husaidia kuyatenga: karo ya shule, lakini karo la choo. Mwalimu anaweza kuutumia mfano huu darasani kuonyesha kwamba ngeli si pambo.

Tuchukue sharti lisemalo “unganisha chemba yako na bomba kuu”. Ikiwa msomaji huliita karo lake chemba, ataunganisha karo. Tope litaendelea kutulia humo, naye atahitaji gari la kunyonya kama zamani, ingawa sasa analipia na huduma ya bomba. Ilivyo desturi, nyumba ikiunganishwa karo la zamani hunyonywa, hufukiwa na kuachwa, na bomba hupitishwa kando yake.

4. Nani aunganishe?

Kiswahili kina urahisi wa kauli ya kutendwa, na waandishi wa ofisini huipenda mno. “Nyumba itaunganishwa baada ya malipo.” Itaunganishwa na nani? Nani achimbe, nani anunue bomba, nani arudishe barabara ikisha kukatwa? Katika mkataba, kauli ya namna hii huficha wajibu. Afadhali kuandika: “Mwenye nyumba atachimba mpaka chemba ya mwisho, mamlaka itaunganisha chemba hiyo na bomba kuu.” Iwapo mgawanyo wa kazi ni mwingine, utajwe kwa uwazi uleule, na itajwe ni chemba ipi iliyo mpaka. Hatua nazo zipangwe kwa utaratibu wa kazi: maombi, upimaji, malipo, uchimbaji, ukaguzi, kisha ufukiaji. Ukaguzi ukiandikwa baada ya ufukiaji, fundi atafukia kabla ya kukaguliwa.

Vipimo pia vyahitaji kutafsiriwa. Bomba la milimita 100 kwa kawaida hupewa mteremko wa 1 kwa 40. Tarakimu hizo pekee hazimsaidii mwenye nyumba. Aambiwe kwamba bomba lishuke sentimita 2.5 kwa kila mita moja, yaani sentimita 25 kwa mita 10.

5. Maandiko yafikapo Ikinga

Mpaka hapa tumezungumzia miji yenye mtandao wa mabomba ya majitaka, kama vile Dar es Salaam, yenye mabwawa ya kutibu majitaka huko Vingunguti, au Mbeya. Lakini waraka ulioandikwa kwa ajili ya mji husafiri. Hebu tuufuate mpaka kata ya Ikinga, wilaya ya Ileje, katika mkoa wa Songwe uliotengwa na Mbeya mwaka 2016. Hiyo ni nchi ya milima, na mito ya Ileje huteremkia Mto Songwe, ulio mpaka wetu na Malawi, kisha Ziwa Nyasa. Nyumbani watu husema Kindali au Kilambya, na maneno ya ofisini huwafikia kwa Kiswahili.

Waraka ukisema “kila kaya iunganishe choo na mfumo wa majitaka”, mtu wa kijijini asiye na bomba kuu la kuunganishia atauelewaje? Mfumo ni neno pana. Atakayetaka kutii anaweza kulaza bomba mpaka kijitoni, na jirani wa chini huteka maji hapohapo. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi kilitukumbusha gharama ya maji ya namna hiyo. Isitoshe, bomba la majitaka halifanyi kazi bila maji ya kutosha ndani ya nyumba. Pasipo maji, kinyesi hukwama njiani. Kwa hiyo waraka wa Ikinga useme habari ya choo bora, shimo lililo mbali na chanzo cha maji, na namna ya kuondoa topekinyesi.

Tunao mfano mzuri wa lugha ya kufaa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Nyumba ni Choo iliyoanzishwa mwaka 2017, zilibeba ujumbe wake kwa maneno matatu matatu ambayo hayakuhitaji mfasiri. Kinyume chake, usafi wa mazingira, istilahi rasmi iliyomo hata katika jina la Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, humfanya msomaji wa kawaida afikirie kufagia uwanja. Istilahi hiyo imekwisha kukubalika, na hatupendekezi iondolewe. Tunapendekeza tu kwamba kila inapotumika, choo kitajwe kwa jina lake.

6. Maana tunazopendekeza

Majitaka: maji yaliyokwisha kutumika chooni, bafuni, jikoni au kwa kufulia.
Topekinyesi: uchafu mzito unaobaki shimoni au katika karo.
Shimo la choo: shimo ambamo kinyesi hukaa na maji yake hunywea ardhini.
Karo: tangi lililojengwa ardhini, ambamo tope hutulia na maji hupita kwenda shimo la kuyanyweza.
Chemba: kisanduku chenye mfuniko, katika kona au makutano ya mabomba, cha kukagulia na kuzibulia.
Bomba la nyumba: bomba litokalo nyumbani mpaka chemba ya mwisho.
Bomba kuu: bomba la mamlaka lipokealo majitaka ya nyumba nyingi.

Kabla ya kupiga chapa waraka wa namna hii, mwandishi amsomee fundi mmoja na mwenye nyumba mmoja, kisha awaulize wangechimba wapi. Wakionyesha mahali pawili tofauti, waraka huo haujawa tayari.